Mama Yake Kyalo

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za duka la Salama, lile lenye meza ya redio mbele na michezo ya televisheni nyuma, kwa Kanini na Musembi, mafundi wawili niliofanya nao kazi miaka hii ya mwisho. Waliniomba niwaandikie mambo muhimu. Mambo muhimu ni mawili: msiweke chai karibu na kaseti, na msimdanganye mteja. La kwanza sijawahi kulivunja hata siku moja. La pili ndilo limenifanya nijaze daftari zima.

Kazi niliianza mjini Kitui, miaka ya sitini ikielekea mwisho, kwenye meza ya Fundi Omari. Babu yake alitoka pwani na mizigo ya biashara akakaa, na yeye Omari alitengeneza redio kwenye kibaraza cha duka la nguo la kaka yake. Nilikwenda kuchukua redio ya baba yangu, nikamwuliza kwa nini ameunganisha waya mwekundu pale na si pale pengine. Alinitazama juu ya miwani, akasogeza kiti cha pili kwa mguu, akasema, "Keti." Nilikaa miaka kumi na moja.

Siku ya kwanza sikugusa bisibisi. Alinipa redio tano zilizokufa, akaniambia nizifungue mgongo na kuzinusa. Transfoma iliyoungua ina harufu yake, waya ulioliwa na panya una harufu yake, na redio iliyokaa jikoni karibu na moshi haihitaji hata kunuswa. Chuma cha kulehemu tulikipasha kwenye jiko la makaa. Vilikuwa viwili, kimoja kinafanya kazi na kingine kinapata moto, na nikichelewa kuvibadilisha Omari alikohoa. Alinifundisha pia kufunga betri kwa ukanda wa tyubu ya gurudumu. Kishikio cha kiwandani kikivunjika, unakata tyubu, unafunga betri zako barabara, na redio inaimba. Ukanda wa tyubu nimeutumia maisha yangu yote ya kazi kwa kiburi kikubwa, na mtaona ulikonifikisha.

Mwaka wangu wa pili niliunguza redio ya mkulima mmoja aliyekuwa ametembea kutwa nzima kuifuata. Nilikuwa nimeshatunga maneno: kuna kifaa tumeagiza, arudi mwezi ujao. Omari aliniona nikijisemea kwa midomo.

"Mwanangu, ukimharibia mtu kitu chake, mwambie kabla hajaketi," alisema. "Akishaketi amekuwa mgeni, na mgeni utamwonea haya. Mwambie angali amesimama."

Nilimwambia angali amesimama. Alinitukana kwa Kikamba safi kilichowatoa wenye maduka nje, akaondoka. Msimu uliofuata alileta redio ya shemeji yake, akataka niishike mimi, si Omari. Hapo nikadhani somo limeniingia.

Niliolewa Salama, mji mdogo wa njia ya Mombasa, nikamzaa Mwende, nikafungua meza yangu kando ya barabara kuu. Wateja wangu wakubwa walikuwa madereva wa malori ya Mombasa na Kampala, watu ambao redio ikinyamaza hulala kwenye usukani. Mmoja wao alikuwa Twalib, mpwa wa Fundi Omari, aliyekulia Mombasa. Mwanzoni mwa miaka ya tisini alishusha kwenye meza yangu mashine ya mchezo wa televisheni, adapta imeungua, na kaseti nne kwenye mfuko wa sukari.

"Dada, itazame hii," alisema. "Nyumbani mke wangu haitaki, na garini haiwezekani. Ikipona, ikae kwako, nami nitacheza nikipita."

Ilipona siku hiyohiyo. Niliiweka chumba cha nyuma na televisheni yangu ya rangi mbili, nyeusi na nyeupe, nikapanga viti sita. Kaseti ya kwanza ilikuwa ya mpira, na watu waligombana. Ya pili ilikuwa ya kuruka mashimo, nayo iliwapendeza wanaopenda kuruka mashimo. Ya tatu ilikuwa ya kuendesha gari kwa kasi, na madereva wote waliikataa. Mmoja aliniuliza kama akija kupumzika mimi huwa nampa tena kazi.

Ya nne ndiyo hadithi yangu. Ilikuwa na maandishi ya nchi ya mbali ambayo hakuna aliyeyajua, wala Kiingereza hayakuwa. Ukiiwasha unamwona mtu mdogo mwenye joho na fimbo, na mbele yake nchi nzima: milima, misitu, mito iliyokauka, miji yenye kuta, nyoka wenye mbawa. Ukitembea, nchi inafunguka. Ukichoka, mashine inakuwekea alama ulipofika, na kesho unaanzia hapo. Tulimwita yule mtu Kyalo, kwa maana kwetu Kyalo ni safari, na ni jina la mtoto aliyezaliwa njiani.

Twalib alisema huko Mombasa kila mtu ana Kyalo wake na alama yake. Watu wa Salama waliona huo ni upuzi. Sisi tumezoea mwethya: kikundi kinalima shamba moja kwa pamoja, kesho kinahamia la mwenzake, na hakuna anayejichimbia mtaro wake peke yake wengine wakitazama. Kwa hiyo Kyalo alikuwa mmoja. Ulishika pedi, kile kidude cha vitufe, ukamtembeza kwa zamu yako, ukamwacha mahali salama, ukaondoka zako Kampala. Mwingine akatoka Mombasa, akamchukua hapo ulipomwacha. Nafasi za alama zilikuwa tatu ndani ya kaseti, na mbili zilikaa tupu.

Shida ni kwamba wenye zamu hawakukutana. Kila dereva alipoingia, swali lake lilikuwa moja: "Tumefika wapi?" Mtu wa kujibu nilikuwa mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekaa pale. Nilianza na daftari la kurasa chache: Mutua amevuka daraja, Twalib amepata ngao, msiingie pango la kusini. Lakini watu hawaridhiki na ngao. Juma la pili tu, dereva mmoja aliuliza, "Na huyu anatafuta nini, hata atembee hivi?" Maandishi nisingeweza kuyasoma. Nilijibu bila kufikiri: "Mama yake alienda kuteka maji, hakurudi."

Mama yangu mwenyewe alienda kuteka maji kila siku ya maisha yake na alirudi kila siku, kwa hiyo msitafute kilio hapo. Jibu lilinitoka tu. Lakini yule dereva alishika pedi kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo kila mzee aliyefungua mdomo kwenye kile kioo cha televisheni alikuwa anasema habari za mama yake Kyalo. Mfalme alikuwa amemwona akipita. Mwenye duka la panga alikuwa amemuuzia kata. Kwa kweli niliifanya kazi hiyo vizuri. Mchungaji wetu alikuja kuchunguza kama ni mambo ya ushetani, akakaa hadi uji wake ukapoa, na Jumapili mlangoni mwa kanisa akaniuliza kwa sauti ya chini kama yule mama amepatikana.

Mama mkwe wangu peke yake ndiye hakupenda. Kwao, na kwetu pia, hadithi hazisimuliwi mchana, kwa sababu ng'ombe watapotea.

"Wewe unasimulia jua likiwa juu," aliniambia. "Utapoteza mifugo ya watu."

"Hawa hawana ng'ombe, mama. Wana malori."

Nilijiona mjanja sana.

Nzioka alijiunga nasi Kyalo akiwa ameshavuka nusu ya nchi. Alikuwa mtu wa Kyuso, dereva wa lori la saruji, mrefu, mpole, wa kuuliza. Wengine walitaka kujua tumefika wapi, yeye alitaka kujua yule mama alivaa nini siku ile, mtungi ulikuwa wa udongo au wa bati, na jina lake nani. Nilimwambia anaitwa Kalunde. Aliitikia kwa kichwa, akalirudia jina hilo, akatoka. Sikuwahi kuwa na msikilizaji kama yeye, na kwa ajili yake nilikuwa nikitunga mpaka nikiwa nafua nguo.

Halafu gurudumu la lori lake lilipasuka karibu na Kambu, lori likapinduka, na mguu ukavunjika mahali pawili. Mama mkwe alinitazama tu akiendelea kuchambua pojo, na ningependa kuwaambia kwamba sikujali, lakini nilijali. Kwa majuma mawili sikusimulia kitu kabla ya saa kumi na moja jioni.

Wakati Nzioka akiwa hospitalini, Kyalo alifika mwisho. Kulikuwa na jumba jeusi ukingoni mwa nchi, na ndani yake mlango mweusi uliokuwa mkubwa kuliko kioo. Twalib ndiye aliyemfikisha. Aliweka alama, akaweka pedi chini.

"Hapana mtu wa kufungua," alisema. "Mpaka Nzioka aje."

Madereva wote walikubali, na walikuwa watu wasiokubaliana hata juu ya bei ya chai. Twalib alimpelekea habari hospitalini, akarudi na jibu: Nzioka anashukuru, na anataka yeye mwenyewe awepo Kyalo akimkuta Kalunde. Twalib alisema wadi nzima sasa inaijua safari ile, kwa maana Nzioka huwasimulia kila siku baada ya dawa. Miezi mitano mlango ule ulikaa umefungwa, na mimi nilikuwa mlinzi wake. Watu walionikabidhi redio zao hawakuwahi kunikabidhi kitu kikubwa hivyo.

Sasa fungueni kaseti moja ya zamani muone. Ndani kuna betri bapa ya duara, kama ya saa ya mkononi, imelehemiwa. Hiyo ndiyo inayokumbuka. Ikifa, nchi yote inasahau kwamba ulipita. Mashine zenu za sasa zina njia nyingine, lakini kaseti ile ilikuwa na betri hiyo tu. Asubuhi moja niliwasha, na alama ya Kyalo haikuonekana. Nilizima, nikawasha, haikuonekana. Mara ya tatu ilikuja. Nikajua betri inakwisha, na Nzioka hajatoka.

Kazi yenyewe naijua, na bado naamini niliipanga sawasawa. Betri ya zamani huiondoi mpaka umeipa kumbukumbu chakula kutoka pengine. Nilichukua betri mbili za tochi, nikaziunganisha, nikatoa nyaya mbili hadi pale betri bapa ilipokaa. Nilifunga betri zangu za tochi kwa ukanda wa tyubu, kama nilivyofundishwa. Ilikuwa mchana, joto kali, mlango wazi, na chuma changu kilikuwa cha stima, chenye moto kuliko vile vya jiko. Nilikiweka karibu mno. Ukanda ulilegea, betri moja ikateleza upana wa ukucha, ikarudi mahali pake. Nililehemu betri mpya vizuri sana, inang'aa.

Kosa hilo ni la fundi wa redio. Redio ukiikatia umeme sekunde moja, inanyamaza sekunde moja, kisha inaendelea na habari. Kumbukumbu ukiikatia sekunde moja, basi. Miaka ishirini na zaidi nilikuwa nimefunga betri kwa tyubu, na mara ngapi ziliteleza sijui, kwa sababu redio hazikunishtaki.

Niliingiza kaseti. Nafasi zote tatu zilikuwa tupu. Nilikaa kwenye kiti cha mteja, na aibu ilinipanda hadi masikioni. Nilizima televisheni ili isinitazame.

Jioni hiyo Twalib alipita. Nilimwambia kila kitu.

"Dada, njia sote twaijua," alisema. "Tukishika zamu, siku kumi tutakuwa mlangoni tena. Nzioka hatoki leo wala kesho. Hatajua."

Nilikubali. Naandika hivyo ili msije mkaniwekea sura ya mtakatifu. Nilikubali haraka, na usingizi ulikuja vizuri. Tulianza kumtembeza Kyalo upya, bila kusimulia, kama watu wanaorudisha mawe ukutani. Siku ya tatu tulikuwa tumevuka daraja la kwanza.

Siku hiyohiyo ya tatu, saa nne asubuhi, lori lilisimama na Nzioka akashushwa na magongo mawili. Walikuwa wamemruhusu mapema. Alikuwa amekonda, shati limemning'inia, na alikuwa anacheka kabla hajafika mlangoni. Twalib na madereva wawili waliokuwa ndani waliinuka kumpisha kiti kilichotazamana na televisheni. Twalib alinitazama. Maneno yalikuwa tayari kinywani mwangu: mashine inaumwa, rudi juma lijalo. Nzioka aliegemeza gongo moja ukutani, akashika mgongo wa kiti.

"Usikae kwanza," nilisema. "Nzioka, nimeipoteza. Nilibadilisha betri nikaiharibu. Mlango hakuna. Mimi na hawa tunacheza upya tukufiche."

Alibaki amesimama. Madereva waliangalia viatu vyao.

"Yote?"

"Yote."

Alikaa polepole, mguu mmoja ameunyoosha. Nilingoja matusi, nami ningeyapokea.

"Kuna mzee wa Kibwezi kitanda ya kando yangu," alisema. "Kila asubuhi ananiuliza kama mama amepatikana. Nilimwambia nikitoka nitampelekea jibu." Alijipangusa uso. "Sawa, Mama Mwende. Imepotea. Hiyo yenu ya siku tatu wacheni. Nianzishie mwanzo kabisa. Mimi mwanzo sijawahi ona."

Hapo ndipo niliogopa kweli. La betri lilikuwa kosa la mkono. Hili lingine, la mama, nilikuwa nimelijenga kwa makusudi, siku baada ya siku, na nilikuwa nimesahau kwamba lina msingi unaoweza kuangaliwa. Niliweka nafasi mpya, nikampa pedi.

Kyalo aliamka katika nyumba moja. Mzee mwenye ndevu alimpa fimbo, akasema maneno yale yasiyosomeka. Nzioka alimtoa nje. Kijiji kilikuwa na nyumba tatu. Aliingia ya pili, ikawa na kuku. Aliingia ya tatu, ikawa na mtu aliyelala. Alirudi ya kwanza, akazunguka kitanda.

"Kalunde ako wapi?"

"Alikuwapo hapo," alisema Twalib. "Karibu na mlango, na mtungi wake. Mimi nilimwona."

Twalib ndiye aliyekuwa ameshika pedi siku ya kwanza kabisa. Hakuwa akidanganya, alikuwa anakumbuka. Nikaona nilichokuwa nimefanya, na sitaficha kwamba sehemu moja ya moyo wangu ilijivuna.

"Hukumwona," nilimwambia. "Hakuna aliyemwona. Nzioka, mama hayumo. Hakuwahi kuwemo. Maandishi hayo siyajui, nilijitungia. Nyuma ya ule mlango sijui kulikuwa na nani, lakini si yeye."

Nzioka hakunitazama. Alimtoa Kyalo nje ya nyumba tena, akapita nyuma ya ile ya kuku, mahali ambapo sisi wote hatukuwahi kupita kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuchukua. Palikuwa na kisima kidogo, mawe manne na doa jeusi katikati. Alimsimamisha Kyalo kando yake, akaacha kubonyeza.

"Wadi yote nimeiambia," alisema. "Watu kumi na wawili."

"Najua. Mimi ndiye niliyewadanganya."

"Yule mzee alikuwa anakula uji akisikiza. Bila hiyo alikuwa anakataa."

Nje kulikuwa na mtu akiuliza kama redio yake iko tayari, na kwa mara ya kwanza tangu nifungue duka sikumwitikia mteja. Nzioka alisogeza kiti changu kwa gongo lake, kikaja karibu na chake.

"Basi mweke Kalunde," alisema. "Hapa, kwa kisima. Nataka nimwone akitoka nyumbani."

Ilikuwa saa tano kasoro, jua limewaka barabara nzima. Nilikaa, nikaanza kusimulia, nikamweka.